Kuingia Kanisani na Kushinda Pwani: Wasia kwa Wazazi wa Wanafunzi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, watoto wengi wa miji yetu ya pwani hivi leo husomea bara, na katika hao wako walioko Gakindu na sehemu nyinginezo za Nyeri, ambako Waislamu ni wachache na makanisa ni mengi. Mzazi mmoja wa mwanafunzi aliyeko huko ametuletea suala. Shule anayosoma mwanawe imekusudia kuwapeleka wanafunzi Unguja. Siku moja watazuru kanisa la Mkunazini, na siku ya pili watashinda pwani ya Nungwi. Maneno yake yote yalikuwa juu ya kanisa: je, yafaa kijana wa Kiislamu kuingia humo? Ama pwani, asema, haina neno, kwani sisi ni watu wa bahari.

Jawabu yetu ni kwamba mzazi huyu ameogopa mahali pamoja na kujiaminisha mahali pengine, na khatari iliyo kubwa zaidi iko kule alikojiaminisha.

Tuanze na kanisa. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako walioruhusu Mwislamu kuingia, wako waliochukia, na wako waliokataza ikiwa mna sanamu. Lakini kushiriki katika ibada yao hakuna aliyekuhalalisha. Basi mwanafunzi aingiaye kwa idhini ya wenyewe, atazame na kujifunza, ana wanavyuoni wa kuwategemea. Ama aingiaye akapiga magoti pamoja nao na kuitikia sala zao, huyo hana.

Mama zetu Umm Habiba na Umm Salama walipohamia Habasha waliona huko kanisa lenye picha. Khabari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Walipomsimulia Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, hakuwalaumu kwa kuliona, bali aliwaeleza kosa la watu wale: kwamba akifa mtu mwema miongoni mwao hujenga nyumba ya ibada juu ya kaburi lake. Hivyo ndivyo afanyavyo mwalimu. Hamfumbi mwanafunzi macho, humfundisha kupambanua akionacho. Wala tusidhani maneno yale yaliwahusu Wahabeshi peke yao. Kila mmoja wetu na atazame yanayotendwa juu ya makaburi ya miji yetu, kisha ajihukumu mwenyewe.

Na Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, wapokezi wa tarekhe wanasimulia kwamba alikuwa ndani ya kanisa kubwa la Baitul Mukaddas wakati wa sala ulipoingia. Akatoka akasali nje, asije Mwislamu baada yake akalinyang'anya kanisa lile kwa hoja kwamba Umar alisali humo. Aliingia kwa adabu, na akatoka na dini yake kamili.

Sasa tulitazame kanisa lenyewe la Mkunazini. Limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sayyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko hilo, na mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mwanafunzi wetu atasimama pale pamoja na wenziwe wa bara, naye ataambiwa kwamba waliouza watu walikuwa Waislamu. Atajibu nini? Akikana atasema uwongo, kwani wengi wa wafanya biashara wa soko lile walikuwa watu wenye kusali. Akinyamaza kwa haya, huenda akaondoka akidhani kwamba dini yake ndiyo iliyowatia watu minyororo.

Jibu la haki ni hili: walifanya, na waliitenda dhulma hali wanasali. Wale waliotekwa bara walikuwa watu huru, na Mtume ametufikishia kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu, siku ya Kiyama, wa mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake. Qurani imefanya kuwaacha watumwa huru kuwa kafara ya madhambi, na ikawawekea fungu katika zaka. Kijana aliyefundishwa haya atasema kweli bila ya kuionea haya dini yake. Asiyefundishwa, kosa ni la nani ila letu?

Tena liko jambo la kututia uchungu. Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa lile na kuzikwa humo, alijifunza Kiswahili hata akatoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1870. Padri Godfrey Dale, wa misheni hiyo hiyo, alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1923, naye hakuiandika ili kuitukuza Qurani. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy ilitoka mwaka 1969, miaka 46 baadae. Wao walisoma lugha yetu na kitabu chetu wapate kutujadili. Sisi twamkataza mtoto kuutazama mlango wao, na kitabu chetu hatujamfundisha maana yake.

Ama pwani, bahari ni neema ambayo Mwenyezi Mungu ametutiishia; maji yake ni tohara na samaki wake ni halali. Hakuna aliyekatazwa kuogelea. Lakini kuwa watu wa bahari hakumwondolei mtu fardhi ya stara. Katika Suratun Nur wanaume wameamrishwa kuinamisha macho kabla ya kuamrishwa wanawake, nasi twawausia mabinti tu na kuwaacha vijana wa kiume waende watakavyo. Kanisani mtoto hukaa macho, kwa kuwa amejua yuko kwa wageni. Ufukweni hujiona yuko kwao, akavua nguo kama walivyovua wengine, akachanganyika nao, na alasiri ikampita akicheza. Atatoa udhuru gani? Amesimama ndani ya maji ya kutawadhia, na mchanga wote mbele yake ni mahali pa kusujudia. Na kwa kuwa yu safarini, sharia imemruhusu kupunguza adhuhuri na alasiri na kuzikusanya pamoja.

Basi ewe mzazi, mruhusu mwanao, lakini usimwache aende mikono mitupu. Mfundishe maana ya Tawhidi kabla hajaiona sanamu. Msimulie khabari ya soko lile wewe kwanza, asije akaisikia kwa mwingine. Mtilie nguo ya kuogea yenye stara, na mwambie mwalimu wake kwa upole kwamba mtoto huyu ana saa zake za sala. Waalimu wengi, hata wasio Waislamu, humheshimu ajiheshimuye.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu bara na pwani, atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke. Amin.