Sumu Inayopanda Damuni

Huko Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa Japani, dalili hazikujificha. Mapema miaka ya 1950 samaki walianza kuelea ghubani. Kunguru walianguka kutoka angani. Paka waliozoea kula masalio ya samaki majumbani walitetemeka, wakazunguka ovyo, wengine wakatumbukia baharini wakafa. Watu waliona, wakastaajabu, kisha wakaenda kuvua kama kawaida. Siwalaumu. Bahari ndiyo iliyowalisha, na mwenye watoto wa kulisha hapendi kuamini kwamba kitoweo chake kina sumu. Ningekuwa pale, huenda nami ningekula.

Kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga ghubani majitaka yenye zebaki tangu 1932. Zebaki ya namna ile haikai juu ya magamba tukaiosha kwa ndimu. Humwingia samaki kwa matamvua na kwa chakula, ikanasa kwenye himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu, na damu ikaisambaza hadi kwenye ubongo na minofu. Samaki mkubwa hubeba sumu ya wadogo wote aliowameza. Metali nzito nyingine zina madhara yake: risasi, kwa mfano, huvuruga utengenezaji wa himoglobini, samaki akapungukiwa damu. Ila samaki mwenye zebaki anaweza kuwa mnono, matamvua mekundu, bila harufu wala ladha ngeni. Hata akipikwa sana, zebaki haitoki.

Mei 1, 1956, Hajime Hosokawa, daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, alitoa taarifa ya ugonjwa usiojulikana uliowapata watoto: walishindwa kutembea na kusema. Mwaka 1958 kiwanda kilihamishia majitaka yake kwenye mlango wa mto, na ugonjwa ukayafuata. Mwaka 1959 Hosokawa alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka hayo. Paka akaugua ugonjwa uleule. Matokeo yakafichwa. Zebaki ikaendelea kumwagwa hadi 1968.

Hiyo miaka tisa ndiyo inayoniuma zaidi. Walizaliwa watoto wenye ugonjwa ilhali mama zao walionekana wazima.

Ndugu zangu wachimbaji wa Geita na Chunya, zebaki mnayokamatia dhahabu, marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu, yakitiririka hadi mtoni, hugeuzwa na bakteria wa kwenye tope kuwa aina ileile inayopanda damuni. Wala si ninyi peke yenu: sangara wa ziwani huliwa na sisi tulio mbali na machimbo. Tusingoje kumwona mtu akitetemeka. Chimbeni bwawa la marudio mbali na mto, mlisakafie. Na asubuhi mtakapokuta samaki wanaelea, au paka na kuku wanaumwa bila sababu, msiwaokote samaki hao, msiwauze, msiwape mifugo. Mwambieni ofisa uvuvi na serikali ya kijiji siku hiyohiyo, hata kama wengine wanasema ni joto la maji tu.