Andika Panapouma, Mwanangu

Mwanangu, najua una haraka. Unataka kemo iishe, nywele ziote, urudi darasani na wenzio. Kwa hiyo daktari akikuuliza wiki imekwendaje, unamjibu "vizuri tu" ili mtoke mapema.

Nilikaa kwenye mabenchi ya kliniki na kaka yako, alipokuwa akitibiwa saratani ya damu. Naye alijibu hivyo hivyo. Mara nyingine nilimtangulia mimi kujibu, nikidhani namsaidia. Kumbe vidole vyake vya miguu vimekufa ganzi na hajamwambia mtu. Tuligundua siku ndala ilipomvuka, akaendelea kutembea bila kuhisi. Dawa aliyokuwa akichomwa, vincristine, huweza kuathiri mishipa ya fahamu, na hufunga choo pia. Daktari anaweza kupunguza dozi au kukupa kitu cha kukusaidia, lakini aambiwe kwanza.

Ndiyo maana leo sikugombezi kwa ajili ya simu: inaweza kukusaidia kusema.

Kule Toronto, Kanada, hospitali ya watoto ya SickKids ilitengeneza programu ya simu inayoitwa Pain Squad. Mgonjwa anakuwa askari mpelelezi, kazi yake kuyasaka maumivu. Asubuhi na jioni simu inamwita. Anaonyesha panapouma kwenye picha ya mwili, anasema panauma kiasi gani. Akiendelea kuripoti, anapandishwa cheo. Waigizaji wa tamthilia za polisi za huko walirekodi video za kumtia moyo. Watu wazima wamekaa wakafikiria namna ya kumfanya mtoto aliyechoka aseme. Hilo linanigusa sana.

Hospitali hiyo hiyo ina orodha ya maswali kuhusu dalili, iitwayo SSPedi, maswali 15 tu. Kutapika kumo, vidonda vya mdomoni vimo. Lakini humo mna hasira pia, na huzuni, na kusahausahau, na sura yako kubadilika. Nani alimwuliza kaka yako kuhusu uso wake ulivyovimba kwa steroidi? Wageni walikuja wakamsifu kwamba amenenepa. Yeye akageukia ukutani.

Na kama unadhani michezo ya simu na kompyuta ni ya kupotezea muda tu, upo mmoja uitwao Re-Mission. Mchezaji anaingia mwilini na kupambana na seli za saratani. Ulijaribiwa kwa wagonjwa 375 wa miaka 13 hadi 29, Marekani, Kanada na Australia, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliopewa mchezo huo walishika dawa zao vizuri kuliko wenzao.

Huna programu hizo? Usizisubiri. Fungua sehemu ya kuandikia kwenye simu yako. Kila jioni andika tarehe, panapouma, na panauma kiasi gani, kwa namba kutoka 0 hadi 10. Umekula nini, umepata choo, umelala? Ukishindwa kuandika, jirekodi sauti. Siku ambayo huna tatizo lolote, andika hivyo pia, maana daktari anatafuta mahali hali ilipobadilika. Utachoka nayo, mwanangu. Ukiruka siku, endelea kesho. Usikae kujaza siku za nyuma kwa kubahatisha.

Kisha muulize nesi wako: haya ninayoandika, nani atayasoma, na lini? Hata programu nzuri kabisa haimfikishii mtu ujumbe usiku wa manane kama hakuna aliyepangiwa kuusoma. Siku ya kliniki mpe daktari simu mkononi, asome mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni, nitanyamaza.

Ila homa usiiandike ukalala. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na maambukizi madogo yanaweza kukuzidi kwa saa chache. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38, niamshe. Tutapiga simu wodini huku tunatafuta usafiri, hata iwe saa nane za usiku.