Jiwe la Raheli Kando ya Barabara

Neno la wiki: Mwanzo 35:16–29



Rebeka alipomtuma Yakobo akimbilie kwa Labani kule Harani, alimwambia akae kwa mjomba wake siku chache tu, mpaka hasira ya Esau ipoe. Siku chache zile zikawa miaka 20. Miaka 14 aliimaliza akitumikia mahari ya mabinti wawili, na 6 akitumikia mifugo. Huko huko alioa, akazaa watoto wa kiume 11 na Dina, akapata kondoo, watumishi na ngamia. Upande wa nyumbani, Biblia haitusimulii kwamba mama yake alimwona tena. Hata siku aliyofariki Rebeka hatuambiwi. Tunachojua ni mahali alipozikwa, nacho anatuambia Yakobo mwenyewe akiwa mzee wa kufa, yuko Misri, mbali tena na kwao.

Sisi wa Tunduma siku chache za namna hiyo tunazijua. Baba anaaga asubuhi, anapeleka mzigo Lubumbashi, atarudi kabla ya kipaimara cha mtoto. Anavuka Nakonde, anaitafuta Kapiri Mposhi, halafu Kasumbalesa anakuta foleni. Hati ya mzigo ina kasoro, wakala hapokei simu, wiki inakwisha. Kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa hapa mpakani mwaka 2019 tulishukuru, na kweli kazi imepungua, lakini wake wa madereva katika usharika huu wanajua kwamba tarehe ya kurudi inapangwa na barabara yenyewe. Mtoto anawekewa mikono madhabahuni, na picha anayotumiwa baba inafika akiwa amelala kwenye kibanda cha gari, chaji ya simu imebaki kidogo.

Kwa hiyo nawaomba tumsome Yakobo kama mtu wa safari. Tumezoea kumsoma kama mjanja aliyeiba baraka, au kama baba wa makabila. Lakini hesabuni mambo makubwa ya nyumba yake yaliyotokea njiani. Debora, mlezi wa mama yake, alifariki wakiwa Betheli, akazikwa chini ya mwaloni. Benyamini alizaliwa barabarani, Bethlehemu ikiwa imebaki karibu. Raheli alifariki katika uzazi huo huo. Kuzaa na kuzika, siku moja, hema likiwa halijachimbiwa vigingi vya kukaa.

Alifanya nini? Makaburi ya ukoo yalikuwa Makpela, Hebroni, na alikuwa anaelekea upande huo huo. Hakusema, ngoja tufike. Hakusema, mambo haya yana wenyewe, wazee watanielekeza. Alimzika mkewe kando ya barabara, akasimamisha nguzo ya jiwe juu ya kaburi, ndipo akaendelea na safari. Mpaka leo karibu na Bethlehemu kuna mahali panapoheshimiwa kama kaburi la Raheli, na watu bado wanakwenda kuomba pale.

Yakobo alikuwa na desturi hiyo ya mawe. Usiku alipotoroka kwao alilala amelaza kichwa kwenye jiwe, na asubuhi akalisimamisha, akalimiminia mafuta. Alipoachana na Labani walikusanya chungu ya mawe, wakala chakula juu yake. Alikuwa mtu asiyekuwa na anwani kwa miaka mingi, ila kila jambo kubwa lililomkuta alilitia alama pale pale lilipomkuta.

(Na hapa nimtetee kidogo Labani, ambaye mahubiri mengi humchapa bila huruma. Yakobo alipoondoka kwa siri na wake na watoto, Labani aliwafukuzia siku 7, na miongoni mwa malalamiko yake lilikuwemo hili: hukuniacha niwabusu wajukuu na binti zangu, ningewasindikiza kwa nyimbo na ngoma. Mzee alikuwa na hila nyingi, lakini kwa jambo hili alikuwa na haki. Alinyimwa sendofu ya wanawe. Anayeondoka bila kuaga anawanyang'anya wanaobaki siku yao.)

Neno ninalolisikia sana kwa wasafiri wetu ni "nikirudi". Nikirudi tutamfanyia mtoto sherehe. Nikirudi tutakwenda kaburini kwa mama. Nikirudi tutamshukuru Mungu kwa ndoa yetu. Nalielewa, na mara nyingine ndiyo njia pekee. Lakini mtoto anafikisha miaka 7 mara moja, na siku hiyo inapita Kasumbalesa kama inavyopita Tunduma. Uliyeko huko nayo imepita mbele yako, uwe umeisimamisha au umeiacha. Kusimamisha si lazima kuwe na keki. Dereva anayeegesha gari, akawaita wenzake wawili yadini, akawanunulia chai na kuwaambia leo binti yangu anapokea kipaimara, tumwombee, huyo amesimamisha jiwe. Siku nyingine binti atakapouliza, baba ulikuwa wapi, atapewa jibu lenye mahali, saa na majina ya watu.

Wengi wetu tunadhani jiwe ni hela. Naligusa hili kwa uangalifu, maana najua ada na kodi ya nyumba vinalipwa kwa hizo hela, na mzazi anayetuma si mzazi mbaya. Lakini wenye umri wangu wanakumbuka namna fedha zilivyokuwa zikisafiri kabla M-Pesa haijafika Tanzania mwaka 2008. Ulimkabidhi kondakta wa basi bahasha, au ndugu anayekwenda huko, na ndani ya bahasha noti zilikuwa zimekunjwa ndani ya barua. Barua ilianza na salamu kwa bibi na babu, ikauliza mahindi, ikamtaja kila mtoto kwa jina, ikawapa pole wafiwa, ndipo ikafika kwenye matumizi ya fedha. Leo fedha inafika kwa sekunde chache, nayo inaleta ujumbe wa kampuni wenye kiasi, makato na namba ya muamala. Barua imebaki njiani. Hatukukusudia iachwe; hakuna aliyekaa akaamua. Basi ukituma ya sare ya kipaimara, rekodi na sauti yako dakika mbili, mtaje mtoto jina lake lote, mwambie siku aliyozaliwa ilikuwaje. Sauti hiyo itasikilizwa mara nyingi kuliko zitakavyohesabiwa zile noti.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, linalotusumbua hapa mpakani kila mwaka: misiba. Mama wa dereva anafariki, mwanawe yuko Zambia na mzigo wa mafuta. Familia inakaa, na karibu kila mara wanaamua asiambiwe. Atapata mshtuko, atagonga. Wanamwambia mama anaumwa kidogo, au simu hazipokelewi kabisa. Anarudi baada ya wiki tatu, anakuta tanga limekwisha, kaburi limeshaanza kuota majani, na anagundua kwamba kila mtu mtaani, hadi mama wa genge, alijua kabla yake.

Siwabezi wanaoamua hivyo. Hofu yao ina sababu. Lori lenye tangi la mafuta si mchezo, na mteremko wa barabara haumjali mfiwa. Hata hivyo nimekaa na madereva waliofichwa, na uchungu wao ni wa aina mbili: wa kufiwa, na wa kutolewa nje ya familia. Yakobo anaujua huo wa pili. Watoto wake walimletea kanzu ya Yusufu iliyochovywa katika damu ya mbuzi, wakamwacha aseme mwenyewe kilichotokea, naye akaomboleza uongo miaka mingi. Wao walitaka kujificha, ninyi mnataka kumlinda mtu, kwa hiyo sisemi dhambi ni ile ile. Lakini aliyedanganywa hapati nafasi ya kuisimamisha siku yake kwa vyovyote.

Rai yangu ni hii. Mwambieni, ila msimwambie kwa simu akiwa kwenye usukani. Tafuteni kwanza yuko wapi na ameegesha saa ngapi. Ongeeni na dereva mwenzake, au utingo wake, au mchungaji wa Nakonde au Kapiri, mtu mwenye mwili atakayekaa karibu naye anapopokea habari, na atakayekaa naye usiku huo. Mwajiri ajulishwe, gari lisiondoke siku hiyo. Kisha mpeni saa ya maziko, ili saa ile ile asimame huko aliko, avue kofia, aombe. Madereva wanajua kuchangiana rambirambi hata katika foleni. Nimeona daftari za michango zenye majina ya Watanzania, Wazambia na Wakongo kwa kalamu moja. Na akirudi, apelekwe kaburini kabla hajapelekwa mezani.

Kwa mabinti wetu walioko Muscat na kwingine Ghuba kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu simu zao mara nyingine zinatawaliwa na mwenye nyumba. Kwao nasema nyumbani tutunze. Andikeni tarehe, hifadhini kipande cha kitenge cha harusi ya dada, wekeni nakala ya ratiba ya maziko ya babu. Siku atakapoingia mlangoni asianze kuuliza, akabidhiwe.

Mtume Paulo naye alikuwa mtu wa barabara na meli, na ukisoma Matendo 20 utaona hakuiacha safari imvurugie kalenda. Hakutweka kutoka Filipi mpaka siku za mikate isiyotiwa chachu zilipokwisha. Baadaye akaipita Efeso bila kuingia, kwa haraka ya kufika Yerusalemu ifikapo Pentekoste. Zaidi ya sikukuu, alibeba kichwani historia za nyumba za watu. Katika Warumi 16 anamtaja Epaineto kuwa ndiye wa kwanza kumpokea Kristo katika Asia, na anamsalimu mama yake Rufo ambaye, asema, amekuwa mama kwake pia. Akiwa kifungoni anamwandikia Timotheo na kumkumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mfungwa, na bado anajua jina la bibi ya mwenzake! Wako kati yetu wasiojua jina la bibi wa mchumba wao, na harusi ni mwezi ujao.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika mirathi na mgao wa nyama huenda ni kweli. Kanisani methali hiyo tuikatae. Kila Jumapili katika matangazo tunawataja wagonjwa na waliosafiri, lakini tunawataja kwa jumla, "waliosafiri wote", kama mzigo uliofungwa pamoja. Familia ikija mbele kutoa shukrani ya miaka 10 ya ndoa na mume hayupo, mke anasimama peke yake akiona haya, kana kwamba ndoa imempungukia. Wazee wa kanisa, mmoja wenu asimame pembeni yake upande wa mume, na jina la mume litajwe, na mahali alipo patajwe. Kwaya iimbe kama ambavyo ingeimba wangekuwa wawili.

Yakobo alipokuwa amelala kitandani Misri, macho yamefifia, Yusufu alimletea Manase na Efraimu awabariki. Alikuwa na mengi ya kusema: ahadi ya Mungu, urithi, makabila. Katikati ya hayo, bila kuulizwa, akasimulia kwamba Raheli alimfia njiani, safari ikiwa imebaki kidogo kufika, na kwamba alimzika pale pale kandoni. Yusufu alikuwa mtoto wa Raheli; pengine alikuwa mdogo mno siku ile kushika mambo. Baba alikuwa ameyatunza, akampa mwanawe mbele ya wajukuu.

Kuanzia wiki hii mzee wa kanisa wa kila mtaa atakuwa na daftari. Mwenye ndugu safarini aandikishe jina lake, mahali alipo, na siku za nyumba yake zitakazomkuta huko: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, kumbukumbu ya marehemu. Daftari zifike ofisini Ijumaa jioni, majina yatasomwa moja moja katika ibada ya pili, saa nne kamili asubuhi. Ninyi mlioko Zambia na Lubumbashi, kwenu itakuwa saa tatu. Egesheni.