Dawa Iliyongoja Udongo

Mwanzoni mwa mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, watoto walianza kufa kwa degedege. Wengi walidhani ni malaria, na nani angewalaumu? Kumbe ilikuwa risasi, yale madini mazito yanayowekwa kwenye betri za magari.

Mawe ya dhahabu ya huko yamechanganyika na risasi. Wachimbaji waliyabeba hadi nyumbani, yakapondwa na kusagwa uani, mara nyingine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Vumbi likatua kwenye mikeka, kwenye vyungu, na kwenye ardhi ambayo mtoto anayetambaa huipapasa kisha akatia vidole mdomoni. Watoto zaidi ya 400 wa chini ya miaka mitano walikufa.

Dawa ya kuondoa risasi mwilini ipo. Lakini mtoto akitibiwa leo, kesho akarudi kutambaa kwenye ua uleule, dawa imepotea bure. Kwa hiyo udongo ulipaswa kutibiwa kwanza. Kwa njia gani?

Moto haufai. Kule Times Beach, Missouri, Marekani, udongo wenye sumu ya dioksini ulichomwa kwenye tanuri mwaka 1996 na 1997, kwa kuwa dioksini huvunjika kwa joto kali. Risasi haivunjiki, ukiichoma unaipeperusha hewani. Bakteria wanaokula mafuta yaliyomwagika hawaiwezi pia. Kuna mimea inayofyonza risasi, ila huchukua miaka mingi, na mwishoni unabaki na shehena ya majani yenye sumu. Mbolea ya fosfeti huifunga risasi isiyeyuke kwa urahisi, lakini inabaki palepale. Kufunika kwa udongo safi ni rahisi na wengi hukupenda. Mimi nakuogopa penye kuku wanaoparua, mvua inayochimba mifereji, na jirani atakayechimba choo mwakani bila kuambiwa kilichoko chini.

Wanakijiji wakashika majembe na makoleo. Walikwangua ua baada ya ua, sentimita chache za juu tu, kwa sababu huko ndiko sumu ilikotua. Wakautia udongo huo kwenye magunia, wakauzika kwenye mashimo nje ya vijiji, kisha wakamwaga udongo safi uani. Ni kazi ya kuchosha, lakini iliokoa watoto, kwa sababu baada yake dawa iliweza kufanya kazi.

Kijiji cha Bagega, hukohuko Zamfara, hakikubahatika hivyo. Fedha za serikali zilichelewa, na usafishaji ukaanza mwaka 2013. Kwa takriban miaka mitatu watoto wake waliishi juu ya sumu iliyokwisha kupimwa na kujulikana, madaktari wakiwa na dawa mkononi wasiyoweza kuwapa.

Sisi nasi tuna Owino Uhuru, Mombasa, mtaa uliopakana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Amri ya mahakama kwamba udongo usafishwe ndani ya miezi 4 ilitolewa Julai 2020. Mtoto aliyezaliwa mtaani hapo mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa na takriban miaka sita wakati huo, na alijifunza kutambaa juu ya udongo ambao hakuna aliyekuwa ameukwangua.