Vumilia, Ndio Msalaba Wako?



Kuna maneno nayasikia sana kwenye jumuiya zetu: "Vumilia tu dada, huo ndio msalaba wako." Anaambiwa dada wa kazi ambaye miezi mitatu hajalipwa. Anaambiwa mama anayepigwa na mumewe. Anayeyasema huwa ana nia njema, tena pengine ametoka kusali rozari. Lakini mimi najiuliza, hivi nani ametupa ruhusa ya kugawa misalaba?

Soma Luka 9:23. Yesu anamwambia anayetaka kumfuata ajitwike msalaba wake mwenyewe. Hamwambii amtwike jirani. Tena katika Mathayo 23:4 anawakemea wanaowafungia wenzao mizigo mizito huku wao hawaigusi hata kwa kidole. Kuvumilia ni fadhila pale mtu anapobeba mateso yake kwa upendo. Nikimshauri mwenzangu anyamaze ili aibu isitoke nje ya nyumba, hapo namlinda nani? Namlinda anayemwonea.

Mtazame Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa na kupigwa mpaka mwili ukajaa makovu. Baadaye alipelekwa Italia akawa yaya. Mwaka 1889 bibi mwenye nyumba alitaka kuondoka naye kurudi Afrika. Bakhita akakataa. Alikuwa kwa Masista Wakanosa mjini Venice, na masista hawakumwambia avumilie; walisimama naye. Kesi ikafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba mwaka huohuo ikaamuliwa kwamba yuko huru. Akabatizwa Januari 1890, kisha akawa sista.

Bakhita huyohuyo aliwasamehe waliomtesa, wote. Ila hakurudi utumwani. Ndiyo maana nasema kusamehe na kukataa kuonewa vinaweza kukaa ndani ya moyo mmoja, tena moyo wa mtakatifu.

Utaniambia, "Sawa, lakini ndoa ni sakramenti." Ni kweli kabisa. Lakini Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha vibaya, mwili au roho, yeye au watoto. Papa Fransisko naye, katika Amoris Laetitia namba 241, anafundisha kwamba kuna wakati kutengana kunakuwa wajibu ili kuwaokoa wanyonge na ukatili. Kutengana huko si kuvunja ndoa. Kifungo cha ndoa kinabaki, ila mama anakuwa hai.

Na dada wa kazi je? Wengi husema, "Anakula kwetu, analala kwetu, sisi tunamsaidia." Hapana. Yeye ndiye anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili wewe uwahi chuo umepiga pasi. Mshahara wake ni deni. Katekisimu, namba 1867, inauhesabu udhalimu kwa mfanyakazi wa mshahara kati ya dhambi zinazolilia mbinguni, pamoja na kuua. Na hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka na saa 24 za mapumziko kila wiki. Sasa muulize dada wa kwenu, Jumapili anaenda Misa saa ngapi?

Vijana, hasa sisi tunaojiita VIWAWA, tunalo neno "wafanyakazi" ndani ya jina letu. Basi mtu akikuletea kilio chake, kwanza mwamini. Usikimbilie kumpa novena halafu ukaaga. Sali naye, halafu msindikize: kwa paroko, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa CHODAWU, chama kinachowatetea wafanyakazi wa majumbani. Akiwa ni mtoto, piga 116, ni bure. Na kama anayeonea ni mjomba wako au mama yako mwenyewe, ongea naye kwa heshima, lakini ongea.

Tuombe: Ee Mtakatifu Yosefina Bakhita, uliyepata watu wa kusimama nawe, utuombee tusimame na walio peke yao leo. Amina.