Aliyerudi Usimhesabie Siku

Mjukuu wangu, jana ulipokuja baada ya magharibi ukakaa mkekani kimya, nilijua una neno. Ulianza na habari za mvua, ukapita kwenye bei ya nazi, hata ukafika ulikokuwa unakwenda: unataka kumposa yule binti aliyevushwa kwenda Somalia kwa ahadi ya kazi, akarudi baada ya miaka mitatu na mtoto mgongoni. Ukanieleza na yanayosemwa pale kwa vijana wa bodaboda, kwamba huko alikuwa mke wa mtu, kwamba hakuna aliyemfunga kamba, kwamba kama hakutaka angalitoroka mapema. Sikukujibu. Leo nakuandikia, kwa kuwa nikilisema kwa mdomo nitalisema kwa hasira, na hasira hiyo si yako.

Nikurudishe nyuma. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, palikuwa na mama mmoja jirani yetu ambaye Kidigo chake kilikuwa na lafudhi ya mbali. Mumewe alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, katika vita vya kwanza vya Wazungu. Vita vilipokwisha alirudi naye kutoka kusini, toka upande wa Ruvuma, naye akiwa msichana asiyejua hata neno moja la hapa. Walikaa pamoja miaka zaidi ya thelathini. Alimzalia watoto, akampikia, akamuuguza kwa mikono yake mpaka siku ya mwisho. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu hakumfukuza mtoto wa mtu jikoni kwake.

Mzee yule alipofariki, mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hakuipunguza hata siku moja. Siku ya kutoka eda alioga, akavaa leso mpya, akafunga kitita kidogo, akauliza lori la kwenda Tanga linapita saa ngapi, na kutoka Tanga mtu afanyeje ili afike Lindi. Watoto wake walilia. Hakurudi tena. Mji mzima ukasema: kumbe hakumpenda.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa anachambua mchele. Akasema, bila kuinua macho, “Alimpenda. Lakini hakuulizwa.”

Nimeishi na maneno hayo miaka sabini, na bado sijayamaliza.

Wewe shuleni umefundishwa vita vile vya kwanza vya Wazungu kama habari za Ulaya. Vilipita hapa mlangoni. Ukiteremka Vanga ukavuka mpaka kwenda kusini, unafika Jasini, ambayo leo ni Tanzania. Tarehe 18 Januari 1915 Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck waliizingira ngome ndogo ya Waingereza pale, iliyolindwa na askari wapatao 300, wengi wao Wahindi, wakiwemo wa Kashmir. Kamanda wao, Kanali Raghbir Singh, aliuawa. Kesho yake asubuhi risasi ziliwaishia, wakainua bendera nyeupe. Wajerumani nao walikuwa wametumia risasi nyingi mno na kupoteza maofisa wengi, na toka siku ile von Lettow akaanza kukwepa mapigano makubwa ya namna hiyo.

Sikiliza waliotekwa walitendewa nini. Maofisa wawili wa Kiingereza walisifiwa kwa ushujaa, wakarudishiwa panga zao, wakaachiwa waende zao kwa kiapo kwamba hawatapigana tena katika vita vile. Wanajeshi wa Kihindi waliokuwa nao kwenye ngome moja waliingia kifungoni. Neno la mmoja lilikubaliwa kuwa neno, la mwingine halikuulizwa. Ukitaka kujua mateka atapona vipi, tazama kwanza nani anayehesabiwa kuwa mtu mwenye neno.

Sasa weka mwanamke katika safari ile. Von Lettow alipovuka Ruvuma mwezi Novemba 1917 kuingia nchi ya Wareno, nyuma ya askari wake walikwenda wapagazi, wanawake na watoto. Waingereza waliwafuata, na misafara yao nayo ilikuwa mirefu. Wanawake walibeba vyungu, walitwanga, walizaa njiani, na kesho yake wakaendelea na safari. Wengine walikuwa wake wa askari tangu amani. Wengine walichukuliwa vijijini, pale nafaka ilipochukuliwa na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, na jina lao limebaki Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Katika msafara kama huo, msichana asiyekuwa na mwanamume wa kumgawia posho alikuwa na siku za kuhesabika. Akimpata askari mmoja wa kumwita mume, wengine kumi hawamgusi, na chungu chake kina unga. Von Lettow aliweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na wengi wa wanawake wale hawakuwa tena na kijiji cha kurudi.

Je, yale yalikuwa mapenzi? Mjukuu wangu, watu wa barazani wanataka jibu la ndiyo au siyo. Mimi nakwambia wanauliza swali ambalo hata mwenyewe hakupewa nafasi ya kujiuliza. Mtu aliyekupa maji siku ya kiu kubwa moyo wako utamwelekea, hata kama ndiye aliyekutoa kisimani kwenu. Moyo kumwelekea si ushahidi kwamba ulikubali. Na kukaa kwake miaka thelathini si uongo. Yule mama alimuuguza mumewe kwa upole wa kweli. Nilimwona mimi kwa macho yangu. Kisha akaondoka kwa haki yake.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Umesikia habari za Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Wajerumani walimshuku kuwa mtu wa Waingereza, wakamfunga. Alikaa kifungoni Tabora mpaka Wabelgiji walipouteka mji ule mwezi Septemba 1916. Alipotoka aliheshimiwa, na haki yake. Akapanda katika kazi ya serikali, mwaka 1931 akapelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, akaandika na kitabu cha safari hiyo. Hakuna aliyemuuliza kule Tabora alimchekea askari gani wa zamu ili apate kibaba cha unga. Mwanamume akitoka utekani tunampa kiti na kusema amepona. Mwanamke akitoka tunamhesabia siku: ulikaa siku ngapi, usiku ulilala wapi, kwa nini hukufa? Ndiyo maana yake, mjukuu wangu. Swali la vijana wa bodaboda ni hilo: kwa nini hukufa.

Basi wewe usimuulize. Akitaka kusema atasema, pengine usiku wa manane, pengine baada ya miaka kumi, na siku hiyo kazi yako ni kunyamaza na kuongeza mafuta kwenye taa. Akishtuka usingizini usimshike mkono ghafla, mwite kwanza kwa jina lake lile la nyumbani. Mtoto ni mtoto. Mimi nitamwita kitukuu, na atakayemwita jina jingine katika uwanja wangu hatapewa kahawa. Mkigombana, kwa maana mtagombana, usilete Somalia katika ugomvi wa chumvi. Ukiileta mara moja tu, umemrudisha.

Habari ya ile ndoa ya kule, kama ilikuwa ndoa au haikuwa, si ya kuamuliwa na baraza. Nendeni kwa kadhi, yeye aulizwe na mwenye elimu, kwa faragha, na jibu liandikwe. Nitakwenda nanyi mkitaka.

Lakini yote hayo si kiini cha barua hii. Kiini ni hiki, na hapa ndipo nilipokosa usingizi. Wewe ni kijana mwema, una shamba, una nyumba ya mabati, watu wanakuheshimu. Yeye amerudi kwa mama mjane, hana kazi, majirani wanampita bila salamu. Ukienda na washenga leo, atakubali. Nina hakika atakubali. Nawe hutajua kamwe, wala yeye hatajua, kama amekupenda au amempata tena mwanamume mmoja wa kuwazuia wale kumi. Utakuwa mume mwema kama yule mzee wa KAR. Na huenda siku ya kutoka eda akaulizia lori.

Kwa hiyo posa naisimamisha. Siikatai, naisimamisha. Kwanza awe na uwezo wa kukukataa bila kulala njaa.

Cherehani ya marehemu bibi yako ipo chumbani kwangu, imefunikwa kanga. Niliitia mafuta asubuhi, inashona. Nimemsikia mama yake akisema kwamba binti alijifunza kushona kabla hajaondoka. Wanafunzi hapa Lunga Lunga wanahitaji sare kila Januari, na fundi ni mmoja. Njoo Alhamisi uichukue, uipeleke kwao mchana, watu wakiona, umkabidhi mama yake. Sema imetoka kwangu, si mahari, wala haina deni, hata kama hatataka kukuona tena. Usikae kunywa chai. Ukiulizwa kama una neno jingine, sema huna, uage, urudi.