Kahawa Haijazi Tangi

Mpwa wangu anaishi Brussels. Alipokuja likizo alitukuta Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, Burundi, pembeni mwa gereji isiyo na gari la kutengeneza, tumekalia matairi makuukuu tukinywa kahawa. Mabidoni yetu ya njano yalikuwa kwenye foleni ya mafuta tangu alfajiri, yamepitishwa kamba moja kwenye vishikio ili asije mtu akachomeka la kwake katikati. Fundi mmoja akasema gari la siku hizi haliharibiki, maana halitembei. Tukacheka. Yeye hakucheka. "Mjomba," akaniambia mbele ya wenzangu, "kahawa haijazi tangi. Mnajidunga ganzi. Anayecheka kwenye foleni ndiye atakayezeekea kwenye foleni."

Akapanda ndege yake, mimi nikabaki na hasira. Kijana kumsuta mjomba wake hadharani nitamsamehe. Kinachonikera ni kwamba maneno yake yamevaa kanzu ya hekima, na tangu siku ile nimeyasikia kwa wengine, wasomi na wasio wasomi: kwamba matumaini ya maskini ni kileo, na gumzo lake ni kikombe anachokinywea.

Matumaini ni nini, tusigombane. Thomas Aquinas alikwisha kusema katika karne ya 13 kwamba ni kuelekea jema lijalo, lililo gumu kupatikana lakini si muhali. Gumzo la kirafiki kila mtu analijua. Tuendelee.

Hoja ya ganzi inadhani kwamba hasira ni kama akiba ya benki, na kila kicheko kinaitoa kidogo kidogo mpaka siku ya haja sanduku linakutwa tupu. Basi watu wasiocheka ndio wangekuwa matajiri wa hasira, na hasira hiyo ingewanunulia haki. Mji huu umewahi kuijaribu biashara hiyo. Rais Melchior Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, na katika miaka miwili iliyofuata Bujumbura ilikuwa na siku zilizoitwa za mji mfu: vijana wanafunga barabara, maduka yanafungwa, anayekatiza anauawa. Mtu wa Kamenge, mtaa wa Wahutu, hakuweza kukanyaga Ngagara, mtaa wa Watutsi, wala wa Ngagara Kamenge, na kati yao ni mwendo wa miguu tu. Machi 1995 zamu ikafika Bwiza na Buyenzi, mitaa ambayo Wahutu na Watutsi walikuwa bado wamechanganyika. Hasira ilijaa hadi pomoni. Ilinunua makaburi.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba kukaa na jirani ni dawa ya kutuliza maumivu, namuuliza: ulipopatikana upenyo wa kukaa tena na jirani, tulikuwa tumemeza dawa, au tulikuwa tumepata nafuu? Jema lenyewe tulilolitumaini wakati ule halikuwa kubwa. Lilikuwa hili: umwamkie mtu, akuitikie, na asigeuze shingo kukagua nani anaona. Mwaka 1995 ilianzishwa Studio Ijambo, ambako waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi walitumwa kazini pamoja, na mchezo wao wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, ulisikilizwa pande zote za vizuizi. Ulisimulia mambo ya majirani. Hakuna aliyewaambia wasikilizaji wake kwamba wanajidunga ganzi.

Tena, kama gumzo lingekuwa ganzi, watawala wangeligawa bure. Hapa naomba nitoke kidogo njiani, maana jambo hili nalipenda. Wageni wakija Bujumbura Jumamosi asubuhi walishangaa kuona makundi ya watu wakikimbia kuelekea vilimani, wanaimba, wanapiga makofi, mwenye kitambi na mwenye misuli katika mstari mmoja. Desturi hiyo ilishamiri miaka ya vita, ambapo kukimbia wengi kulikuwa salama kuliko kukimbia peke yako. Wimbo ulitoka mbele ukajibiwa nyuma, na kwenye mteremko, pumzi ikirudi, ndipo watu walipoanza kuongea. Machi 2014, baada ya wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD kupambana na polisi, serikali ikapiga marufuku kukimbia kwa makundi mitaani, isipokuwa katika viwanja ilivyoviteua yenyewe. Na Rais wa wakati huo, Pierre Nkurunziza, aliwahi kuwa mwalimu wa michezo chuo kikuu! Si Bujumbura peke yake. Mfalme Charles II wa Uingereza alitangaza mwishoni mwa 1675 kufunga nyumba za kahawa zote, na baada ya siku chache tu akalazimika kurudi nyuma. Hakuna anayepiga marufuku ganzi ya adui yake.

Mpwa wangu nilimwandikia haya yote. Akanijibu kwa mstari mmoja kwamba wale wakimbiaji walikuwa wamejipanga, sisi tunapiga porojo. Hapo ndipo huwa natamani kutupa simu. Jana gumzo lilikuwa baya kwa sababu linazuia watu wasijipange, leo ni baya kwa sababu halijajipanga. Nani anaweza, akiwa nje, kutenga porojo na fikra? Polisi hawakuweza, ndiyo maana wakakataza vyote. Watu hawaanzi kuaminiana siku ya hatari. Huaminiana kwanza juu ya bei ya ndagala, juu ya mechi, juu ya nani alimlindia nani bidoni lake, na hatari huwakuta tayari wakijuana.

Zipo pingamizi za haki kuliko hiyo. Wanawake hawapo kwenye matairi yetu, wapo sokoni wakichuuza, na kwenye vikao kama hivi ndiko pia majina ya majirani wa kuuawa yalikonong'onwa.

Linalonisumbua zaidi ya hayo ni neno la mwanafikra Hannah Arendt, alilolisema Hamburg mwaka 1959 alipopokea tuzo ya Lessing. Alikubali kwamba watu wanaoonewa huota joto la undugu baina yao, na kwamba joto hilo ni la kweli, ila alisema wanalilipia kwa kuupoteza ulimwengu, na siku wakipata uhuru halidumu hata dakika. Urafiki alioupenda yeye ni wa watu wanaobishana juu ya ulimwengu. Nikipima gumzo letu kwa kipimo hicho, sina hakika. Februari 2025, mji wa Bukavu huko Kongo ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 na wakimbizi wakavuka mto Rusizi kwa maelfu hadi kulala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, tulichanga nguo na unga. Lakini kuhusu wanajeshi wetu waliokuwa ng'ambo ile, mazungumzo yalikatika. Mmoja alikohoa, mwingine akauliza kahawa imebaki kiasi gani. Kuna mambo tunayataja kwa kushusha sauti, na mengine hatuyataji. Je, huo ni woga tu, au ni ile ganzi aliyoisema kijana? Sijui namna ya kujibu bila kumpa ushindi asioustahili.

Lakini hata kimya kile alikipitia mtu aliyekuwapo, aliyejua nani alikohoa na kwa nini. Anayetaka kutuita walevi wa kahawa aje kwanza akae asubuhi nzima, asikilize, ndipo ahukumu.